Mbwa Alinyamaza, Bizari Ikasema

Maswali yenu ya mwezi huu mengi yamehusu hadithi fupi za upelelezi za zamani, za Uingereza na Marekani. Ilani kabla ya yote: nitataja wauaji. Asiyetaka kuharibiwa utamu akazisome kwanza, kisha arudi.

Shikamoo Mwalimu. Tunabishana kijiweni: mpelelezi wa kwanza kwenye hadithi si Sherlock Holmes?

Marahaba. Siye. Holmes alianza kusomwa mwaka 1887. Miaka 46 kabla yake, Aprili 1841, Mmarekani Edgar Allan Poe alichapisha "The Murders in the Rue Morgue" katika jarida la Graham's Magazine, Philadelphia. Mpelelezi wake, Auguste Dupin, anakaa Paris na si askari, wala hata askari kanzu. Mama na bintiye wameuawa katika nyumba iliyofungwa kila upande. Watu waliopanda ngazi mbio walisikia sauti mbili zikigombana, moja nyembamba ya kukwaruza. Ya nani? Askari Mfaransa anadhani ni ya Mhispania. Mholanzi anasema Mfaransa. Mwingereza anasema Mjerumani. Mhispania anashikilia kuwa ni Mwingereza, na Mwitaliano anasema Mrusi.

Hebu yasome tena majibu hayo. Kila mtu anataja taifa la mwingine, tena Mwingereza hajui Kijerumani, na Mhispania hajui Kiingereza. Hakuna aliyeshika hata neno moja. Polisi wanaona ushahidi umegongana. Dupin anaona mashahidi wote wamesema kitu kimoja: sauti ile haikuwa na lugha. Muuaji ni orangutani aliyemtoroka baharia. Wapo wanaocheka wakifika hapo, na siwalaumu, lakini ule ukurasa wa mashahidi niliusoma kwa sauti darasani mwaka baada ya mwaka na sikuwahi kuuchoka.

Tumepewa kazi: "Jadili dalili za uhalifu katika 'Silver Blaze'." Darasa zima limeandika kuhusu mbwa asiyebweka. Kuna kingine?

Kuna mchuzi, mwanangu!

Hadithi hii ya Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, ilitoka katika jarida la Strand, Desemba 1892. Farasi wa mashindano ametoweka usiku kwenye zizi huko Dartmoor, na John Straker, anayemfundisha, amekutwa amekufa nyikani. Mbwa alikuwemo zizini, mtu akaingia, akamtoa farasi, na vijana wawili waliolala darini hawakuamshwa na mbweko wowote. Kwa hiyo aliyeingia ni mtu wa pale pale. Hiyo ndiyo dalili maarufu, na wenzako wamefanya vyema kuiona.

Sasa nenda jikoni. Kijana wa zamu, Ned Hunter, alilala fofofo kwa sababu chakula chake kilitiwa unga wa afyuni. Polisi wamemkamata mgeni mmoja, Fitzroy Simpson, aliyeonekana akinyemelea zizi jioni ile. Holmes anauliza: kulikuwa na kitoweo gani? Nyama ya kondoo kwa mchuzi wa bizari. Afyuni ya unga ina ladha yake, na ukiitia kwenye chakula cha kawaida mlaji ataisikia ulimini na kusukuma sahani. Inataka kiungo kikali cha kuifunika. Je, mgeni wa njiani angeweza kupanga nyumba ya watu wapike bizari usiku ule ule aliokuja na afyuni mfukoni? Mwenye kauli juu ya chungu ni Straker na mkewe tu. Waliobaki nyumbani walikula mchuzi ule ule bila kudhurika, maana yake sahani ya Ned ilitiliwa peke yake.

Linganisha basi. Mbwa anasema mwizi ni mwenyeji. Bizari inasema ni mwenyeji gani. Straker alimtoa farasi ili amkate kidogo mshipa wa mguu achechemee siku ya mashindano, na farasi akamuua kwa teke. Mbwa mpe aya moja, bizari mpe tatu. Ukiwa umekulia Pwani na unajua harufu ya bizari inavyomeza kila kitu jikoni, una faida kuliko Mwingereza.

Kwa nini Watson, rafiki wa Holmes anayetusimulia, amefanywa mzito wa kuelewa hivyo?

Ili sisi tusione aibu. Dupin naye ana rafiki msimulizi, ambaye hata jina hakupewa. Kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimpa Bwana Msa wake mwenzi aitwaye Najum katika "Mzimu wa Watu wa Kale" (1960), ingawa hiyo ni riwaya. Mpelelezi akisimulia mwenyewe itabidi aseme anachowaza, na hadithi itaisha ukurasa wa tatu.

Ni kweli Doyle alimchoka Holmes?

Kweli. Alimtumbukiza kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, mwaka 1893, akamrudisha hai mwaka 1903. Jumla hadithi fupi ni 56.

Mwalimu, ipi mbaya kuliko zote?

Mtanirushia mawe: "The Speckled Band". Mwaka 1927 Doyle mwenyewe aliiweka ya kwanza katika orodha ya hadithi zake bora. Kile chumba, kile kitanda kilichopigiliwa sakafuni, sawa, vinatisha. Ila nyoka anayefugwa kwa kisahani cha maziwa na kuitwa kwa mluzi! Tena uani kuna nyani, eti kaletwa kutoka India. Nyani wa India yupi? Angeuliza huku kwetu, wanaokesha wakilinda mahindi wangemwambia nyani wanapatikana wapi.

Uliwahi kumbashiri mhalifu kabla ya mwisho?

Mara moja. Katika "The Invisible Man" ya G. K. Chesterton (1911), watu wanne wanalinda mlango wa jengo. Wote wanaapa hakuna aliyeingia, na alama za miguu ziko pale kwenye theluji mbichi. Padri Brown, mpelelezi wa hadithi hiyo, anaeleza kuwa aliyepita ni mtu wa posta. Walimwona, hawakumhesabu. Akamuua aliyekuwa ndani, akatoka na maiti yake kwenye mfuko wa barua.

Nilimjua mapema kwa sababu ya kaka yangu. Alikuwa tarishi ofisi moja mjini kwa miaka mingi. Jioni akirudi alitusimulia nani atahamishwa, nani anadaiwa, nani kagombana na bosi. Mama alimuuliza siku moja, wanakwambia wewe yote hayo? Akasema, "Hawaniambii mimi. Mimi nakuwa nimesimama pale nasubiri sahihi."