Shangazi, rafiki wa mwanangu ananiharibia mtoto

*Shangazi, binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza shule ya kulipia hapa Dar. Januari nilimpiga marufuku shoga yake waliyesoma wote msingi hapa mtaani. Mama yake anauza vitumbua, na mtoto mwenyewe anajua mambo kuliko umri wake. Ndiye aliyemfundisha mwanangu habari za hedhi. Tangu Pasaka binti amekuwa mkimya, na mara tatu amechomoa hela kwenye pochi yangu. Kwenye simu nimekuta wenzake wa shuleni wanamwandikia: "Usipoleta hela ya chipsi usikae na sisi." Baba yake anataka yule rafiki arudi. Mimi mwenyewe sina shoga, wanawake wana wivu. Nimfanyeje mume wangu anielewe? Mama Binti, Tabata.*

Pole, mdogo wangu. Mtoto wa kumzaa akikuchomolea hela, inauma. Ila mumeo anaona sawasawa, na mimi niko upande wake.

Hebu isome tena barua yako. Marufuku uliweka Januari, hela zimeanza kupotea baada ya Pasaka. Huyo mtoto wa vitumbua hajakanyaga kwako miezi yote hiyo, sasa hela zako kazilaje? Wanaozila umewataja mwenyewe, ukawapita kama huwaoni, kwa sababu ni watoto wa shule ya kulipia.

Hapo kwenye hedhi nimerudia mara mbili. Unamlaumu mtoto kwa kufanya kazi yako! Zamani huku kwetu Pwani mwali alikuwa na somo wake, mwanamke mzima wa kumketisha ndani na kumweleza mwili wake. Siku hizi somo hatumwiti, na kinamama wenyewe tunaona haya, tunamwekea mtoto pedi kitandani tunaondoka bila neno. Msichana anayemkuta mwenzake kwenye hali ile asimcheke, asimtangaze, bali akae naye amweleze, huyo ndiye rafiki. Akufaaye kwa dhiki. Wa namna hiyo binti yako alikuwa naye mmoja, ukamfukuza kwa ajili ya biashara ya mama yake.

Halafu ukampeleka mahali pageni peke yake. Ametoka Kayumba, shule ya msingi ya serikali, Kiingereza bado kinamkwama, na msichana wa umri ule anaogopa kukaa peke yake saa ya mapumziko kuliko anavyoogopa fimbo yako. Ndiyo maana analipa. Rafiki hakutozi kiingilio, lakini hilo nani amwambie? Mama yake anasema wanawake wana wivu.

Na hili nawaambia kinamama wote mnaonisoma. Tunakaa kwenye kikoba tunakumbatiana, tukirudi nyumbani tunamchambua kijumbe tangu viatu mpaka mumewe, na binti yuko chumbani anasikia. Tunamwona jirani kwa kinachouzwa mlangoni kwake. Baba wa watu akisema neno la busara tunamwona ndiye asiyetuelewa. Binti atajulia wapi kuwa shoga ni mtu wa kukutunzia siri, wa kukuambia umekosea bila kukuaibisha, wa kufurahi ukipata? Anajifunza kwa kukuona wewe na wa kwako. Wewe huna hata mmoja, na hilo, mdogo wangu, linanihuzunisha kuliko hela za pochi.

Basi usimvizie tena kwenye simu usiku. Mkae jikoni mnapika, umwambie hizo hela unajua zilikokwenda na hutampiga. Mwache aseme. Akilia, usimkatize. Mfundishe neno la kusema na mliseme pamoja mpaka lizoeleke mdomoni: "Sina, na hata ningekuwa nayo nisingetoa." Jumatatu nenda na baba yake kwa mwalimu wa malezi mkiwa na ule ujumbe, maana kumtoza mwenzako hela ni uonevu na shule ina wajibu wa kuukomesha. Binti akishindwa kukueleza wewe, mpe namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Apige mwenyewe, ni bure.

Na kwa yule mama wa vitumbua uende wewe kwa miguu yako, usimtume mtoto. Mwombe radhi. Kisha mwambie bintiye Jumamosi anasubiriwa kwenu.