Dozi ya mtoto hufuata kilo zake

Dada, umeuliza kama mdogo mwenye homa anaweza kunywa parasetamoli ya kaka yake, nusu kijiko. Tafadhali usikadirie hivyo. Dozi huhesabiwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Kwa hiyo mpime kwanza. Mwenye kilo 10 hupewa miligramu 100 hadi 150. Halafu soma chupa: ipo ya miligramu 120 kwa mililita 5, na ipo ya 250. Kipimo kilekile, dawa maradufu! Vijiko vya jikoni navyo havilingani, tumia bomba la kupimia dawa. Kama hajafikisha miezi 3, usimpe chochote, mpeleke hospitali.