Barua kwa mwanangu aliye Ohio: hata Concorde isingekuwahisha

Mwanangu, assalam alaykum. Natumai u mzima na hiyo baridi ya Columbus haijakuzidi nguvu.

Ile voisi yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nikiwa na mamako hapo barazani, zile mbili nyingine nikiwa peke yangu. Uliuliza, "Baba, kama ndege za kasi kuliko sauti zingekuwa bado zaruka, si ningewahi kumzika nyanya?" Halafu ukaongeza la pili, kwamba umesoma zinarudi, na je ni sawa kuzitamani hali unajua zinavyochafua hewa. Nilitaka nikujibu kwa simu lakini kila nikianza koo inakaba, kwa hivo nimekaa kitako nikuandikie, manake la kwanza halitaki haraka na la pili ninalo la kusema, mimi niliyeshika mpira wa mafuta ya ndege miaka 27 pale uwanjani.

Nianze na la kwanza manake ndo lenye kidonda. Nyanyako alikata roho saa nne usiku, na siku ya pili saa saba mchana, baada ya adhuhuri, tukamzika. Ni saa 15. Sasa hebu tupige hesabu mimi na wewe kama tulivyokuwa tukipiga hesabu zako za skuli. Columbus mpaka New York ni saa moja na nusu angani. New York mpaka London, Concorde, ile ndege ya abiria iliyokuwa ikipita kasi ya sauti, ilikuwa ikitumia saa tatu na nusu hivi, na ile iliyoweka rekodi Februari 1996 ilitumia chini ya saa tatu. Kutoka London kuja Nairobi ndo balaa lilipo manake njia nzima karibu yote ni juu ya nchi za watu, na nchi nyingi hazikutaka mshindo wa ndege ile juu ya mapaa yao, kwa hivo hapo ni ndege ya kawaida, saa nane na nusu. Nairobi Mombasa saa moja. Ukijumlisha hapo ni saa 14 na nusu za kuwa hewani peke yake, sijaweka kungoja, sijaweka foleni ya paspoti, sijaweka kutoka uwanja wa ndege wa Moi mpaka makaburini. Na hata ungesema ije moja kwa moja, Concorde haikuwa na pumzi ya kutoka New York mpaka Nairobi bila kutua kujaza mafuta, ni kama kilomita 11,800 na yenyewe ilikuwa haifiki hata 7,500.

Hungewahi, mwanangu. Nakwambia haya si kukuumiza, nakwambia ili uliweke chini hilo jiwe unalolibeba. Najua ulitaka wewe ndo uingie mwanandani umpokee. Niliingia mimi na ami yako, tukampokea taratibu, na nilipokuwa namlaza nilikutaja jina lako, hilo sikukwambia kwa simu. Na kumchelewesha tusingeweza, kumzika mapema ndo haki yake na yeye mwenyewe alikuwa akisisitiza hivo siku zote.

Sasa la pili. Kwanza nikiri kuwa ile Concorde niliipenda. Kwenye ofisi yetu ya depo kulikuwa na picha yake imekatwa kwenye kalenda, pua imeinama chini kama korongo anayevizia samaki, ikakaa ukutani mpaka karatasi ikawa ya manjano. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akitwambia ikiwa angani ile bodi yapata moto mpaka ndege yenyewe inarefuka karibu sentimita 20, nikadhani ananichezea, kumbe ni kweli. Zilijengwa 20 tu, 14 ndo zilizobeba abiria, zikaanza kazi Januari 1976 na safari moja katika zile za kwanza kabisa ilikuwa London kwenda Bahrain. Ikaja ile ajali ya Paris Julai 2000 iliyoua watu 113, na mwaka 2003 zikaegeshwa zote zisiruke tena.

Lakini mimi ni mtu wa mafuta, naiona dunia kwa lita. Ile 737-800 unayopanda ukitoka Nairobi kuja huku, tangi likijaa pomoni ni lita 26,000 na kidogo. Kabla hujagusa kitu unaunga waya wa arthi, unakinga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo unayainua kwenye mwanga uone hayana tone la maji chini, ndo unapanda ngazi unaunga mpira pale kwenye bawa la kulia, halafu unashika ile swichi ya mkononi ambayo ukiiachia tu mafuta yanakatika. Unasimama na jua la Port Reitz kisogoni, mita yahesabu, mpira unatetemeka mkononi kama una roho. Mafuta hayo yakijaa yanabeba watu karibu 150 kwa saa tano na zaidi. Concorde ilikuwa ikinywa karibu lita 25,600 kwa saa moja. Saa moja! Na ndani mna watu 100.

Na kila lita moja ya mafuta ya ndege ikiungua inatoa kama kilo mbili na nusu za kaboni dayoksaidi. Uliwahi kuniuliza ukiwa mdogo itakuwaje moshi uwe mzito kuliko mafuta yenyewe, na sikujua kukujibu. Sasa najua, ni kwamba ile kaboni ikiungua inashikana na oksijeni ya hewani na uzito unaongezeka. Kwa hivo zidisha mwenyewe, ni tani 64 kila saa, kwa watu 100, ambao tiketi zao miaka ile ya mwisho zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwenda na kurudi.

Utaniambia Baba hiyo ni ndege ya zamani, mpya zitakuwa na injini bora. Kweli nazifuatilia. Kampuni ya Boom ya huko kwenu ilirusha ndege yake ndogo ya majaribio, XB-1, ikapita kasi ya sauti Januari 28, 2025 kule jangwa la Mojave, na sasa wanataka kujenga Overture ya abiria 60 mpaka 80 ya kasi mara 1.7 ya sauti, shirika la ndege la United walishakubaliana nao tangu 2021 kuchukua 15. NASA nao wana X-59, pua ndefu kama sindano, imeruka mara ya kwanza Oktoba 2025, shabaha yao ni ule mshindo upungue uwe kama mlango wa gari unaofungwa. Na Juni 2025 rais wenu alitoa amri ile marufuku ya tangu 1973 ya kuruka kasi kuliko sauti juu ya ardhi ya Marekani iondolewe. Kwa hivo si ndoto tena, wanakuja kweli.

Huo mshindo nikueleze kidogo manake watu wengi wanaukosea, wanadhani unalia mara moja tu pale ndege inapovuka kasi ya sauti halafu basi. Sivyo. Unakumbuka tukikaa pale Mama Ngina, boti ya kasi ikipita mlango wa Kilindini, yenyewe imeshakwenda zake ndo wimbi linafika kwenye mawe linapiga paa? Na linapiga kila mahali boti ilikopita, si sehemu moja. Basi mshindo wa ndege ni hivo hivo, unaburutwa chini njia nzima, upana wa kilomita nyingi. Mwaka 1964 Wamarekani walijaribu juu ya mji wa Oklahoma City, miezi sita, mishindo 1,253, vioo vikapasuka, watu wakalalamika, na mwisho wake robo hivi ya watu wakasema hawawezi kuishi na kitu kile. Na wakati Concorde ilipotaka kwenda Singapore kupitia Bahrain, India haikukubali ipite kwa kasi ile juu ya ardhi yake na Malaysia nayo ikaweka ngumu. Hili la mshindo naona watalipunguza, mafundi wao ni hodari, sina wasiwasi nalo sana.

Linalonikera ni mafuta na ule urefu inakoruka. Ndege za kawaida ziko kilomita 10 mpaka 12 juu, Concorde ilipanda mpaka 18. Huku kwetu karibu na ikweta ile hewa ya mawingu na mvua ni nene, yafika kilomita 16 au 17, lakini huko kaskazini njia ya New York na London ni fupi, 10 hivi au zaidi kidogo, kwa hivo ndege ikiwa 18 iko mahali ambapo mvua haipo wala dhoruba ya kuosha hewa haifiki. Uchafu ukimwagwa pale unakaa, si wa siku mbili tatu ukashuka na mvua, unakaa miezi na miezi. Mvuke wa maji unakuwa blanketi la joto, na zile gesi za naitrojeni zinazotoka kwenye injini zinakula ozoni, ile inayotukinga na jua. Mwanakemia wa Berkeley, Harold Johnston, alilisema hili tangu 1971, mwaka ule ule ambao bunge lao lilikata pesa za ndege ya Boeing ya aina hiyo kwa sababu ya gharama na kelele. Overture nayo watu wa ICCT, shirika la utafiti wa usafiri safi, walipiga hesabu za ndege za namna yake mwaka 2018 wakaona kila abiria atachoma mafuta mara tano mpaka saba kuliko abiria wa ndege ya kawaida katika njia hiyo hiyo.

Boom wenyewe wanasema tutatumia mafuta ya mimea na ya taka, si ya kisimani. Hapo ndo nasimama mimi. Mafuta hayo yapo na nimeyaona mambo yake kwa karibu. Kampuni ya mafuta ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda Makueni 2022 cha kukamua mbegu kama za mbarika, na Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta yake ikatoka bandarini hapa Mombasa kwenda Gela, Sicily. Mei 2023 Kenya Airways ikarusha ndege Nairobi mpaka Amsterdam ikiwa na mafuta ya namna hiyo yamechanganywa. Nilifurahi siku hiyo, ningekuwa bado kazini ningeomba niishike mimi ile hosi. Lakini dunia nzima mwaka 2024 ilitengeneza kama tani milioni moja tu, asilimia 0.3 ya mafuta yote ya ndege. Sasa wewe una kibaba kimoja cha maji na watoto kumi wana kiu, utamwita mmoja umpe chote kwa sababu yeye anakimbia zaidi? Hayo mafuta machache yaende kwenye ndege zinazobeba watu 300, yapunguze moshi wa wengi. Na hata ukimpa huyo mmoja, mvuke na zile gesi za huko juu ziko pale pale, injini inachoma tu hata mafuta yawe ya mbarika.

Na tena unamjua shangazi yako wa Kinango. Ile misimu mitano mfululizo mvua ilipokosa, kuanzia mwisho wa 2020, alikuwa na ng'ombe saba akabaki na mmoja. Nilikwenda kumwona 2022 nikamkuta ameketi chini ya mwembe na kamba mkononi, kamba tu, ng'ombe mwenyewe amelala hapo mbele kafa asubuhi ile na yeye hajaiachia. Hakusema kitu, akanipa kiti. Sisemi ukame ule uliletwa na ndege, lakini wanasayansi walioupima waliona hili joto linaloongezeka duniani ndo lililoukaza ukawa mbaya vile. Shangazi yako hajapanda ndege hata siku moja. Kila ninaposoma habari za abiria 60 wanaookoa saa nne, naiona ile kamba.

Kwa hivo jibu langu ni hili. Kuitamani si vibaya, mtu aliyefiwa anatamani hata apewe mbawa. Mimi mwenyewe usiku ule ningekuona umeingia mlangoni ningelia kwa furaha nisiulize umekujaje. Lakini kama leo wangeniita kazini waniambie mzee njoo uijaze hii, ningeuweka mpira chini nirudi nyumbani.

Kilichokuweka mbali na sisi miaka minne haikuwa kasi, ilikuwa bei ya tiketi na yale makaratasi yako. Ndege ya New York Nairobi moja kwa moja ipo tangu 2018, saa 14 au 15 hivi, unalala unaamka umefika. Makaratasi yametoka, alhamdulillah, na ya nauli mimi na mamako tumeshaweka kidogo pembeni, usikatae. Njoo Disemba ukae mwezi, si wiki mbili.

Kaburini nimepanda mrehani kichwani pake kama alivyopenda, najipitia kila Ijumaa baada ya swala na kidumu cha maji. Ule wa kwanza ulikauka, huu wa pili umeshika, una majani mapya. Mamako akuamkia sana na anauliza kama bado wala vizuri.

Mimi babako