Kabla Hujamwagia Mtu Maji, Jua Umri Wake

Nilimmwagia bibi kizee maji ya utosini, nyumbani kwake, siku ya mwaka mpya, mbele ya watoto na wajukuu zake. Kama unajiandaa kwenda Thailand kukaa na familia, iwe kwa kazi, masomo au ndoa, ngoja nikusimulie ilikuwaje, maana karibu kila ushauri nilio nao ulianzia kwenye kibakuli kile.

Nilifika Mei 2017 kufundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi mkoani Khon Kaen, kaskazini-mashariki, eneo linaloitwa Isan. Ni kilomita 450 hivi kutoka Bangkok. Hakuna bahari, hakuna watalii, na Kithai nilichojifunza kwenye simu hakikunifikisha mbali, kwa sababu nyumbani watu wanazungumza lugha iliyo ndugu na Kilao. Nilikuwa natafuta chumba cha kupanga, mwalimu mwenzangu akasema kwao kuna nafasi. Nikakaa miaka miwili. Mama yake tulimwita Yai, yaani bibi mzaa mama. Hata watoto wake wa kuwazaa walimwita hivyo, kwa mdomo wa wajukuu, kama tunavyofanya kwetu Unguja.

Swali la kwanza la Yai halikuwa jina langu wala nimetoka wapi. Alitaka kujua nina miaka mingapi. Nikasema 29. Mwalimu mwenzangu alikuwa na 34, basi mambo yakaisha hapo hapo: yeye ni Phi, mimi ni Nong. Mkubwa na mdogo. Maneno hayo hayajali kama ni mwanamke au mwanamume, yanajali nani alitangulia kuzaliwa, na ukishayajua umejua nani anampakulia nani wali, nani anaingia bafuni kwanza, na nani analipa mkiwa kwenye kibanda cha tambi. Siku moja nilimng'ang'ania Phi nilipe mimi. Nilidhani ni ukarimu. Alininunia mpaka jioni, kwa sababu mbele ya muuza tambi nilikuwa nimemfanya yeye mdogo.

Wazungu niliofundisha nao waliudhika kuulizwa umri. Wewe usiudhike. Sisi jambo hili tumezaliwa nalo. Kwa Kithai, kaka au dada aliyemzidi umri mama yako ana jina lake, na mdogo wa mama ana jina lake, tena tofauti na la mdogo wa baba. Ukimweleza Mthai kwamba kwenu kuna baba mkubwa na baba mdogo, na kwamba mmoja humtanii na mwingine unamwomba nauli, atakuvutia mkeka.

Wai nayo, ile salamu ya kukutanisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa, ichukulie kama shikamoo. Mdogo huanza, mkubwa hupokea. Wiki ya kwanza shuleni nilimpigia wai kila niliyekutana naye, mpaka watoto wa darasa la pili, tena mimi nikitangulia. Watoto walicheka hadi kukaa chini. Hebu mfikirie mwalimu wa kwenu akimwamkia mwanafunzi shikamoo. Mtoto akikupa wai, tabasamu, itikia kwa kichwa, inatosha. Kwa mtawa inamisha kichwa zaidi, na viganja vipande mpaka usoni. Kama wewe ni mwanamke usimguse mtawa wala usimpe kitu mkononi. Yeye hutandika kitambaa, wewe unaweka juu yake.

Chakula kitakupendeza au kitakutoa machozi. Isan wanakula wali wa kunata, khao niao, unaopikwa kwa mvuke na kuletwa kwenye vikapu vidogo vya mianzi. Unakaa chini kwenye mkeka, unamega, unafinyanga tonge, unachovya. Hapo nilikuwa nyumbani kabisa, na Yai aliliona tonge langu la kwanza akaitana na jirani waje watazame mgeni anayejua kula. Kazi ilikuwa pla ra, samaki wa kuvundikwa wanaotiwa kwenye saladi ya papai bichi. Harufu yake! Mtu aliyekulia jirani na soko la papa na ng'onda hana haki ya kulalamika, lakini nililalamika. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nikiomba niongezewe. Kama hunywi pombe au huli nguruwe, sema siku ya kwanza, wazi, kabla sufuria haijakaa motoni: "mai kin mu". Ukingoja mpaka sahani ifike utamwaibisha mpishi, na usipotaja mchuzi pia utaletewa mboga zilizochemshwa kwa mifupa ya nguruwe, maana kwao hiyo si nyama. Mimi niliishi kwa samaki, mayai na mboga. Na ukiwa sinia moja na watu, chota kidogo, tafuna, kisha ndipo uchote tena.

Kuhusu rangi sitakuficha. Utaitwa mweusi, usoni, na watu wasio na nia mbaya. Madukani kila krimu inaahidi weupe. Yai aliwahi kuuweka mkono wake kando ya wangu, akaulinganisha, akasema huko Bangkok hata yeye huitwa mweusi, mwanamke wa mashamba ya mpunga. Tangu siku ile nilijua ni yupi anayenitania na ni yupi anayenidharau. Wa pili wapo, na kwao sikupoteza maneno yangu.

Sasa Songkran. Inaadhimishwa tarehe 13 hadi 15 Aprili, joto likiwa kali kuliko wakati wowote wa mwaka, na ndio mwaka mpya wa jadi. Hesabu yao ya miaka imetutangulia kwa 543, kwa hiyo pakiti ya maziwa niliyonunua siku niliyofika ilikuwa ya mwaka 2560. Tangu UNESCO iiweke sikukuu hii kwenye orodha yake ya urithi Desemba 2023, vijana wananiandikia wakiniuliza wapi kuna vita vizuri vya maji. Vita vipo, kila barabara. Lakini tarehe 13 kitaifa ni siku ya wazee, na 14 ni siku ya familia, na hicho ndicho kiini chenyewe.

Yai alikuwa na watoto wengine wawili Bangkok, mmoja dereva wa teksi, mwingine kiwandani. Watoto wao alikuwa akiwalea yeye, jambo la kawaida mno Isan: kijiji kina wazee na watoto, waliobaki wako mjini wanatuma fedha. Songkran ndiyo wanayorudi. Basi la usiku lilifika alfajiri ya tarehe 12, wamebeba feni mpya, majani ya chai na zawadi za nguo. Mtoto wa miaka minne alimkimbia mama yake, akajificha nyuma ya Yai. Hilo nalo ni sehemu ya sikukuu, ingawa halimo kwenye picha.

Asubuhi ya tarehe 13 tulitoka na ndoo barabarani. Nililowana, nikapakwa mashavuni udongo mweupe uliokorogwa kwa maji, baridi kama liwa, nikasahau kabisa kwamba mimi ni mgeni. Nikarudi uani nikiwa bado na kibakuli mkononi. Yai alikuwa kwenye kiti, amevaa blauzi mpya. Nikamwaga.

Hakuna aliyenigombeza. Kimya tu, mpaka nikasikia matone yakidondoka kwenye saruji. Kichwa cha mtu Thailand hakiguswi ovyo, na cha mzee ndiyo kabisa, sawa na miguu isivyonyooshwa kuelekea mtu wala sanamu. Yai alijifuta uso, akasema "mai pen rai", si kitu. Usiyaamini sana maneno hayo. Ni kweli si kitu, na ni kweli pia kwamba kuna la kutengeneza.

Phi alinivuta jikoni akanivalisha nguo kavu. Akanipa bakuli la maji yenye maua ya asmini na taji dogo la maua. Watoto wa Yai walipiga magoti kwa foleni kufuata umri, mimi wa mwisho kabla ya wajukuu. Kila mmoja alimmiminia maji polepole kwenye viganja, akaomba radhi kwa yote aliyomkosea mwaka mzima, kwa kujua au kutojua. Ndiyo kazi ya maji yale, kuombana radhi. Bahati iliyoje, kukosea dakika kumi kabla ya saa ya msamaha! Zamu yangu ilipofika sikuwa na Kithai cha kutosha, nikaomba kwa Kiswahili. Yai alinisikiliza mpaka mwisho, akaninenea dua ndefu, kisha akachukua maji yale yale kwa vidole akanipaka utosini. Yeye anaruhusiwa.

Baadaye niliambiwa kwamba tambiko hilo huitwa rot nam dam hua, na kwamba kwa lahaja ya kaskazini "dam hua" ni kuosha nywele. Kichwa kipo kwenye jina, lakini maji humiminwa mikononi. Nilipomweleza Yai kuwa kwetu Makunduchi nasi tuna Mwaka Kogwa kila Julai, kwamba mwaka mpya wa jadi tunauoga, na wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba, aliuliza swali moja tu: "Na wazee mnawaomba radhi kabla au baada ya kupigana?"

Basi ushauri: kwanza wazee, barabara baadaye. Ukienda barabarani, simu iwe kwenye mfuko wa plastiki shingoni, nguo ziwe nzito na za rangi iliyokoza, maana shati jeupe likilowa limekuvua. Dada zangu, jua likitua rudini ndani; walevi wanajificha nyuma ya udongo mweupe kupitisha mikono. Na usipande pikipiki ya mtu siku hizo. Serikali yenyewe huzihesabu siku saba za hatari na kutangaza vifo vya barabarani kila siku.

Sikukuu nyingine ni Loi Krathong, ya kuelezesha mtoni vyombo vidogo vinavyoitwa krathong; huwa mwezi mpevu wa mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao, mara nyingi Novemba. Unakata kipande cha shina la mgomba, unakikunjia majani pembeni kama maua, unaweka mshumaa, ubani na sarafu, unakiachia kielee mtoni kumshukuru na kumwomba radhi mama wa maji. Hapa palinipa shida mimi Muislamu. Nilisuka majani usiku kucha, mikono yangu ilizoea kusuka ukili, na krathong zangu zikawa nzuri kuliko za Phi. Kuziachia mtoni na kuomba sikuweza. Nilimwambia Yai ukweli, nikijiandaa kuaibika. Akasema, "Basi shika tochi, sisi tusianguke." Nikashika tochi miaka miwili. Kwa hiyo ndugu yangu, ikiwa dini yako inakukataza lolote, usidanganye kuwa unaumwa tumbo. Tafuta kazi. Nyumba ile haikuuliza kama naamini, iliuliza nimebeba nini. Ukitengeneza yako, tumia mgomba au mkate na sio povu la plastiki. Bangkok peke yake waliokota krathong za kila aina zaidi ya 600,000 mtoni na kwenye madimbwi mwaka 2023.

Harusi nitaipitia haraka kwa sababu utaielewa bila msaada. Kuna mahari, sin sot, fedha na dhahabu zinazowekwa hadharani kwenye sinia. Kuna mshenga. Bwana harusi huja na ngoma, akifika anakuta mlango umezuiwa kwa mkufu uliovutwa na wanawake wa upande wa bibi harusi, na hapiti mpaka atoe bahasha. Kifungua mlango, kwa jina letu. Mimi nilipewa upande mmoja wa mkufu nikaukaza kwa nguvu zangu zote. Kwa kaka wanaotaka kuoa huko: mtume mtu mzima azungumze kiasi kabla, usijadiliane mwenyewe, na uliza kama wazazi wanakusudia kuwarudishia fedha hizo mkaanzie maisha. Wengi hufanya hivyo. Si wote.

Niliondoka Mei 2019. Usiku wa mwisho walinifanyia su khwan, tambiko la kuita na kufunga nafsi isibaki njiani. Kila mtu alinifunga uzi mweupe wa pamba mkononi, akininenea heri. Niliwaza sana kabla ya kunyoosha mkono. Niliunyoosha. Yai alifunga wa mwisho, akasema zikae siku tatu angalau, na zisikatwe, zifunguliwe.

Nilifika nyumbani siku ya pili. Mama aliuona mkono kabla ya kuniona mimi.

"Hirizi hizo?"

"Bibi mmoja kanifunga nisipotee."

Tulinyamaza mpaka kesho yake. Asubuhi alikuja na mkasi. Nikamwambia hazikatwi, zinafunguliwa moja moja. Akazitazama zile nyuzi, zilipita ishirini, akarudisha mkasi kabatini, akaenda kutafuta miwani yake.