Swali la lugha: uzito na urefu, au uzito kwa urefu?

Mwalimu wa darasa la pili anaeleza kwamba fomu ya afya ya shule ilikuwa na kipengele cha BMI ("body mass index", kipimo kinachotokana na uzito na urefu wa mtu), naye akakifasiri kwa wazazi kuwa "uzito kwa urefu", maneno aliyoyazoea katika kadi ya kliniki. Mzazi mmoja, ambaye ni muuguzi, akamkosoa. Anauliza nani kasema sawa.

Muuguzi kasema sawa, na kosa limejificha katika kaneno "kwa". Wataalamu wa lishe hulitumia kulinganisha: urefu kwa umri, unaofichua udumavu, na uzito kwa urefu, unaofichua ukondefu, ni vipimo vinavyomweka mtoto kando ya wenzake wa umri au urefu ule ule. BMI yenyewe haimlinganishi mtu na yeyote. Ni kilo zilizogawanywa kwa mraba wa urefu wa mita, yaani urefu mara urefu. Mtoto wa miaka 7 mwenye kilo 22 na urefu wa mita 1.20 hupata 22 kugawanya kwa 1.44, yaani 15.3. Mtu mzima, ambaye kiwango chake cha chini ni 18.5, angeambiwa kwa namba hiyo kuwa amekonda vibaya, ilhali mtoto huyu yuko karibu kabisa na katikati ya wenzake. Ndiyo sababu kwa watoto husemwa "BMI kwa umri", jinsia nayo ikizingatiwa, na hapo "kwa" imekaa mahali pake.

Jina lenyewe je? "Uwiano wa uzito na urefu" limeenea na linaeleweka, ingawa linauficha ule mraba. "Tungamo" la vitabu vya fizikia ni tafsiri sahihi ya "mass", lakini sijasikia mama akiambiwa aweke tungamo la mwanawe kwenye mizani. Mimi huchagua "fahirisi ya uzito wa mwili", kwa kuwa neno fahirisi, yaani "index", tumekwisha kulizoea katika fahirisi za bei.

Kwa barua ya wazazi ningeandika hivi: "Fahirisi ya uzito wa mwili wa mwanao ni 15.3, ambayo ni ya kawaida kwa umri wake." Maneno matatu ya mwisho yasiachwe, maana bila hayo mzazi atakwenda kuilinganisha namba ya mtoto na yake mwenyewe.