Maswali na majibu: Taa imewaka, mkufunzi anaangalia wapi?

Barua nilizopokea mwezi huu zinauliza karibu jambo moja: mtu anayesimama mbele ya darasa la mafunzo ana kazi gani hasa? Mimi nilifundisha umeme wa majumbani, Moshi kwanza kisha Arusha, mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo mifano yangu mingi ina waya ndani yake. Mnivumilie.

Shikamoo mwalimu. Nina miezi mitatu tangu nianze kufundisha ushonaji katika kituo kidogo hapa Pasua. Nikieleza kwa saa mbili wanafunzi wanaandika vizuri kabisa, lakini wakikaa kwenye cherehani hata zipu ya sketi inawashinda. Nakosea wapi? (Mkufunzi mpya, Moshi)

Marahaba. Hizo saa mbili ndizo zinazokumaliza. Umewafundisha kuandika habari za zipu, na kuandika wameweza.

Kuna watu waliolazimika kulipatia dawa tatizo lako upesi sana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mafundi wengi wa Marekani walikwenda vitani, viwanda vikajaa watu ambao hawajawahi kushika hata tupa. Kati ya 1940 na 1945 ukaendeshwa mpango wa kuwafundisha wasimamizi wa viwandani namna ya kumfundisha mtu kazi, na waliopitia wakazidi milioni moja na nusu. Kila mmoja alikuwa na kadi ya kutia mfukoni yenye hatua nne: mtayarishe mwanafunzi, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, mfuatilie. Kadi hiyo ilikuwa pia na sentensi iliyonikera nilipoisoma mara ya kwanza: kama mfanyakazi hajajifunza, mkufunzi hajafundisha. Baada ya vita mpango ukavuka kwenda Japani, na Toyota ni miongoni mwa waliouchukua wakaufanya wao.

Sasa ilete kwenye zipu yako. Kumtayarisha ni kumuuliza anajua nini tayari. Pengine mama yake ana cherehani nyumbani na wewe hujui. Kuonyesha ni wewe kushona polepole, mara ya kwanza kimya, mara ya pili ukisema kila hatua, mara ya tatu ukisema na sababu yake. Wengi tunaonyesha mara moja tena kwa kasi ya fundi, mikono ikiziba kazi, halafu tunauliza nani hajaona.

Hatua ya tatu ndiyo utajiri wote ulipo. Mwanafunzi anashona huku anasema kwa sauti: "Napiga bandi kwanza zipu isihame. Natoa mguu wa kawaida, naweka mguu wa zipu, kwa sababu ule mpana unapanda juu ya meno." Akifika kwenye "kwa sababu" akanyamaza, umekwisha kuona shimo lilipo. Usimalizie wewe sentensi. Mrudishe kwenye onyesho. Na kama una wanafunzi thelathini kwa cherehani sita, watano watano kwa mashine: mmoja anashona, mwingine anataja hatua, watatu wanasubiri kumkamata akikosea. Hao watatu hawatasinzia, nakuhakikishia.

Maelezo ya mdomo yasizidi dakika ishirini. Zinazobaki ni zako za kuzunguka.

Mwalimu, kijana wangu amemaliza kidato cha nne. Anasema chuo cha nini wakati kila kitu kiko YouTube, amejifunza kufunga taa na kweli taa inawaka. Nilipe ada ya nini basi? (Mzazi, Sakina)

Mzazi mwenzangu, taa kuwaka ni jambo dogo sana.

Waya unaoingia kwenye taa ni wa aina mbili: laivu, unaoleta umeme, na nyutro, unaourudisha. Swichi inatakiwa ikate laivu. Sasa mtu akikosea akapitisha nyutro kwenye swichi, ukiwasha taa inawaka, ukizima inazimika, kila mtu anapiga makofi. Lakini taa ikiwa imezimwa, ndani ya holda inayoshika balbu bado pana laivu ya volti 230, inamsubiri atakayepanda kwenye stuli kubadilisha balbu akijua amezima.

Nayasema haya kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na mtihani wa vitendo, mbao thelathini za wanafunzi zimepangwa ukutani. Nikapita nabonyeza swichi: inawaka, inazimika, vema, inawaka, inazimika, vema. Kufika saa saba nimemaliza, nikaenda zangu kula. Mmoja wa wale niliowapa alama nzuri akaenda kufunga umeme kwa shangazi yake, na shangazi akatupwa chini na holda. Alipona, lakini mkono ulimfa ganzi kwa siku kadhaa. Kijana akarudi kwangu na maneno mepesi tu: "Mwalimu, uliniambia vema."

Tangu siku hiyo sikubonyeza tena swichi kwanza. Nilikuwa naingia na bisibisi, nafungua swichi, naangalia ni waya upi umeingia, ndipo nabonyeza. Mtihani uliokuwa wa nusu siku ukawa wa siku mbili, na mkuu wangu wa idara akalalamika.

Hicho ndicho unacholipia. Video itamwonyesha kijana mkono wa mtu mwingine unavyokwenda vizuri, tena kwa kuonyesha video ina sifa ambayo mimi sina, maana anaweza kuirudisha mara kumi bila kununiwa. Kinachoishinda ni kumwangalia yeye. Haijui kwamba amekunja waya kinyume na mzunguko wa skrubu, au kwamba amemenya mpira mwingi shaba ikabaki wazi.

Ila usilipe kwa upofu pia. Ukienda kukagua chuo, omba kuingia karakana siku ya kazi, isiwe siku ya mahafali. Hesabu vifaa, hesabu wanafunzi, halafu mtafute mkufunzi kwa macho. Ukimkuta ameketi mezani anajaza daftari wakati vijana wanafanya kazi peke yao, ondoka, hata kama jengo lina vigae mpaka nje.

Mwalimu, mkufunzi, mhadhiri, mwezeshaji: si watu walewale? (Msomaji, Njiro)

Kwa mazoea yetu, mhadhiri yuko chuo kikuu, mkufunzi yuko vyuo vya ualimu na vya ufundi, mwalimu yuko shule. Mwezeshaji anapatikana kwenye semina, na kwa kuwa Arusha ni mji wa semina tunao wa kutosha. Jina zuri, maana linakumbusha kwamba mwenye kazi ni anayejifunza. Baya ni pale linapotumika kama ruhusa ya kugawa karatasi kubwa na kalamu za rangi, kisha mtu akatoka nje kuongea na simu mpaka chai ya saa nne.

Na mwezeshaji anayesoma slaidi neno kwa neno? (Huyohuyo)

Mwombeni awatumieni kwa barua pepe, mrudi nyumbani mapema.

Nina gereji mtaa wa Unga Limited, Arusha, vijana wanne wananifuata. Sijasoma chuo chochote. Je, naweza kujiita mkufunzi? (Fundi)

Vijana wanne wakitoka kwako wakafungua injini na kuirudisha bila skrubu kubaki mezani, jina lina shida gani? Ila usibaki bila karatasi kwa kujivuna. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa kile unachokiweza, unajaziwa mapengo, unapewa cheti. Nenda kaulize, na vijana wako uende nao.

Ninaongoza wageni mlima Kilimanjaro miaka 15, leseni ninayo. Kampuni imeniomba nifundishe wasaidizi wapya darasani kwa siku tano. Mlimani sina shaka, lakini darasani naona nitakauka. Nianzie wapi? (Mwongoza watalii, Marangu)

Shida yako ni ya watu wanaojua sana. Kitu ukikifanya miaka 15 kinahama kutoka kichwani kwenda mwilini, na mwili hauna maneno. Ukiulizwa ulijuaje yule mgeni hafai kuendelea, utasema "nilimwona tu". Msaidizi mpya hawezi kuandika "nilimwona tu" kwenye daftari.

Basi kazi yako ya kwanza uifanye nyumbani kabla hujaingia darasani. Kaa na kalamu, jione umefika kambi ya Horombo, mita 3,720, jioni, wageni wanaingia mmoja mmoja. Unatazama nini? Andika kila kitu, hata cha kijinga. Nani hakugusa chakula. Nani kichwa kinamuuma na dawa haimsaidii. Nani jana alikuwa msemaji na leo anajibu kwa neno moja. Nani anayumba: mwambie apite juu ya mstari, kisigino mbele ya vidole, uone. Ukurasa huo ndio somo la siku nzima.

Darasani usihutubie juu ya ugonjwa wa mwinuko, ule unaowapata watu kwa hewa kuwa nyepesi huko juu. Fanya igizo. Mmoja awe mgeni, na mnong'oneze sikioni: "Umelipa fedha nyingi, umewaambia ndugu zako wote, kwa hiyo kila ukiulizwa jibu uko sawa, lakini tembea kama umelewa." Wenzake wamhoji. Halafu uliza swali moja: mnashuka naye sasa hivi usiku, au mnangoja asubuhi? Waache wabishane. Ukishawasikia wote ndipo useme kwamba anayeyumba na kuchanganyikiwa tiba yake kubwa ni kushuka, na hashuki kesho. Watakaokuwa wamesema wangoje asubuhi hawatalisahau jambo hilo, kwa kuwa wameona haya mbele ya wenzao, kwa gharama ya bure.

Pale Mweka, Wilaya ya Moshi, kuna chuo cha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Ukipata nafasi kaangalie wanavyofundisha wanafunzi wakiwa nje porini. Na kukauka kwenyewe kusikutishe. Mlimani nani alikwambia uwe mcheshi? Unaongoza polepole na watu wanafika.

Nafundisha chuo, Arusha. Somo linatakiwa liwe kwa Kiingereza. Nikiuliza swali, kimya. Nikiuliza "mmeelewa?" wote "ndiyooo". Kisha mtihani unakuwa msiba. (Mkufunzi aliyechoka)

Hapo una mambo mawili, tusiyachanganye.

La lugha kwanza. Kijana wetu anasoma msingi kwa Kiswahili, anahamishiwa Kiingereza kidato cha kwanza, na wengi wanafika kwako wakiwa hawajatua upande wowote. Mtihani wake ni wa Kiingereza, kwa hiyo huwezi kumficha lugha hiyo. Lakini wazo na neno havilazimiki kuingia siku moja. Mimi nilikuwa naeleza ukinzani wa umeme kwa Kiswahili, kwa mfano wa mpira wa maji uliokanyagwa, mpaka mtu aweze kunieleza yeye. Kisha ndipo naandika neno la mtihani ubaoni na kumtaka aseme sentensi ile ile kwa Kiingereza, hata kibovu. Wakaguzi wengine hawakupenda. Nawaheshimu, lakini sikuacha.

La pili ni kimya, na hapo mwenye kosa huenda ni wewe. Miaka ya 1970 mtafiti wa Kimarekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali. Ulikuwa kama sekunde moja. Walipojizuia kufikia sekunde tatu, majibu yakarefuka na waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Sekunde tatu ni nyingi sana ukiwa umesimama mbele ya watu. Mimi nilikuwa nazihesabu kwa kidole gumba mfukoni. Kwa mwanafunzi anayetafsiri kichwani kwenda na kurudi, mpe hata saba.

Na hilo "mmeelewa?" lizike leo. Mtanzania gani aliyelelewa atamwambia mkubwa wake hapana mbele za watu? Sema: "Fulani, chukua chaki, nionyeshe waya huu unatoka wapi."

Mimi ni kijana wa miaka 25, nafundisha wakulima kupogoa kahawa huku Kibosho. Wazee wananiambia, "Mibuni hii niliipanda hujazaliwa." Ni kweli. Nifanyeje? (Mkufunzi wa kilimo)

Shikamoo kwanza, kwa kila mmoja, hata kama ni ishirini na umechelewa. Ukufunzi haukupandishi umri.

Kisha usianze na somo. Mwombe mzee apogoe mti mmoja wewe ukitazama, na kila tawi analokata muulize sababu. Utajifunza mambo, maana yeye anaijua mibuni ya kihamba chake, shamba lake la nyumbani, mmoja mmoja kama ng'ombe. Utaona pia anapoacha machipukizi mengi kwa huruma, katikati pakawa giza na unyevu, mahali ambapo magonjwa yanapenda. Usimsahihishe hapo hapo mbele ya majirani. Omba mti wa jirani yake uupogoe wewe, na muikubali miti hiyo miwili iwe shahidi mpaka mavuno. Mtu mzima hataki nadharia yako; anataka kujua mwakani atavuna nini, na mti utamjibu vizuri kuliko wewe. Kuhusu miche mipya inayostahimili magonjwa ya chule buni na kutu ya majani, wapeleke Lyamungu wakaione wenyewe kwenye kituo cha utafiti wa kahawa. Ni karibu.

Usiite mafunzo siku ya soko wala siku ya msiba. Na mzee akiwa anakata vibaya, usimnyang'anye msumeno mkononi mwake. Akikupa mwenyewe, pokea kwa mikono miwili.