Herufi Nene za Cooper Black: Zinafaa Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha duka la steshenari na uchapaji. Hivi karibuni niliagizwa fulana za mahafali, nami nikatumia fonti ya Cooper Black kwa maneno yote: jina la shule kwa herufi kubwa, na chini yake ujumbe wa mistari minne kwa herufi ndogo. Kwenye kompyuta kazi ilipendeza mno, lakini baada ya kuchapa mistari ile ya chini ilionekana kama imepakwa lami, na mteja akakataa kumalizia malipo. Je, kosa ni la fonti, la wino au ni langu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, wino ulichangia, lakini fonti hiyo ulikuwa umeipa kazi ambayo haikuumbiwa. Cooper Black ilichorwa na Oswald Bruce Cooper, mchoraji wa herufi na matangazo mjini Chicago, na ikaanza kuuzwa mwaka 1922 na kiwanda cha herufi za kuchapia za madini ya risasi cha Barnhart Brothers & Spindler. Cooper mwenyewe alitania kwamba ni herufi za wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Yaani, tangu mwanzo ilikusudiwa kusomwa kwa mtupo mmoja wa jicho, kwa maneno machache na makubwa.

Ikuze herufi a ndogo kwenye kompyuta hadi ijaze kioo, kisha uitazame. Tumbo lake ni nene kiasi kwamba tundu la ndani limebaki dogo sana, na serifu zake, yaani vile vikonyo vinavyomalizia mistari ya herufi, hazina ncha bali zimeviringana kama kidole gumba. Ukiigeukia o, utaona tundu lake limeegemea nyuma kidogo, na hapo ndipo fonti inapopata ule uchangamfu wake. Sasa fikiria maneno “Asanteni wazazi na walezi”: yana a ndogo tano na e mbili, yaani matundu saba ya kuzibika katika mstari mmoja mfupi. Kiswahili hupenda irabu, na wino wa fulana hutambaa kidogo ndani ya uzi wa pamba, kwa hiyo herufi zikiwa ndogo matundu hayo hufunga yote.

Kwa kazi ijayo, iachie Cooper Black jina la shule au neno “Mahafali” peke yake, na ujumbe wa chini uuandike kwa fonti nyembamba isiyo na serifu. Chapa kwanza kwenye kitambaa chakavu, ukinyooshe mbele yako kwa urefu wa mkono, na kama tundu la a halionekani, ongeza ukubwa. Usiivute kwa kipanya ili ijaze nafasi, wala usiiongezee unene, kwani unene inao wa kutosha. Ujiepushe pia kuandika maneno marefu kwa herufi kubwa tupu: “TUNAWAKARIBISHA” kwa fonti hii huwa ukuta. Inafaa maduka ya juisi, aiskrimu, vitu vya watoto na sherehe. Niliwahi kuona tangazo la arobaini lililochapwa kwa Cooper Black, na kwa kweli lilionekana kama linatualika kula keki.

SWALI: Je, fonti hii inafaa kuachwa nyeupe juu ya rangi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Inafaa sana, na huenda ndiyo kazi inayoiweza kuliko zote. Maandishi yanapoachwa meupe, wino wa pembeni huingia na kuyala kingo, hivyo serifu nyembamba za fonti nyingine hukatika, ilhali mwili wa Cooper Black una cha kupoteza. Shirika la ndege la easyJet la Uingereza huandika jina lake kwa fonti hii, nyeupe juu ya rangi ya chungwa, na husomeka hata ndege ikiwa upande wa pili wa uwanja.